Picha ya Thelathini na Saba

Shemeji yangu Tiopira Horomona alichinja kondoo miaka ishirini na mitatu na kupiga picha miaka arobaini, na kazi zote mbili alizifanya kwa mkono wa kulia wenye vidole vinne na nusu. Nusu iliyokosekana ni ya kidole cha shahada. Ilikwenda na msumeno wa kiwanda cha nyama katika mwaka wake wa pili kazini. Tangu hapo kitufe cha kamera alikibonyeza kwa kidole cha kati, na watoto wa bonde letu la Omanuka walikua wakidhani ndivyo kamera inavyobonyezwa duniani kote.

Harusi, mazishi, mechi za raga, siku za kukata manyoya, mafuriko yaliyobeba daraja, vyote alivipiga, na filamu zake akazihifadhi katika makopo ya biskuti, kila kopo limeandikwa mwaka wake kwa ile rangi ya kutia alama kondoo. Watu walimwita Tio. Mimi nilimwita shemeji, kwa kuwa alimwoa dada yangu Makareta, na nilipomkasirikia, jambo lililokuwa la kila wiki, nilimwita kwa jina lake lote.

Sasa mtu huyo aliyepiga picha bonde zima hakuwa na picha ya mke wake. Makareta hakutaka. Sababu usiniulize, nililala naye kitanda kimoja mpaka nikawa na miaka kumi na minne na sikuwahi kuijua. Akiona kamera anageuka, anainua kiganja, anajificha nyuma ya mtu mnene. Ukoo mzima una picha za kisogo chake. Hakuendesha gari, hakusafiri ng'ambo, kwa hiyo hata ile picha ndogo ya kitambulisho hakuwa nayo. Tio alizoea kumtania, "Nikifa kabla yako watadhani nilioa mgongo." Naye alijibu, "Mgongo ndio uliokubebea kuni. Nyamaza."

Akatangulia yeye. Mapafu yalimchukua mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, tukamlaza siku tatu kwenye marae yetu, uwanja wa ukoo wenye jumba lake, watu wakaja wakalia naye, kisha tukamzika ubavuni mwa mama.

Kwetu jiwe la kaburi hufunikwa mpaka ndugu warudi kulifunua, na siku hiyohiyo picha ya marehemu huingizwa ndani ya jumba la ukoo na kutundikwa ukuta wa nyuma, pamoja na waliotangulia. Baba yuko pale, mama yuko pale, mapacha wa shangazi waliozama wako pale. Wageni wakilala humo, wanalala wakitazamwa. Na sharti la ukuta ule ni moja: aliye hai hatundikwi na wafu. Hata awe amesimama pembeni kabisa ameshika sahani, picha hiyo haiingii. Kumtundika ni kumwita.

Tio alisema mbele ya jeneza, watu wote wakisikia, kwamba Pasaka ikifika uso wa Makareta utakuwa ukutani kando ya mama yake. Mimi nilimsikia nikashukuru. Sikutaka dada yangu abaki jina la kutajwa tu kwenye hotuba. Nilitaka uso.

Filamu alikuwa nazo, maelfu. Mahali fulani katika makopo yale lazima Makareta aliwahi kusahau kugeuka. Lakini negativu huwezi kuisoma kwa kuielekeza dirishani; nyeusi ni nyeupe, kila uso ni mzimu, na kila mtu ni mdogo kama punje. Kwa kazi hiyo Tio alikuwa na skana ya filamu, mashine nzito ya kijivu yenye ukubwa wa mkate, aliyoichukua kwenye duka la picha la Gisborne lilipokuwa likifungwa. Unaitia ukanda wa filamu mdomoni, inanguruma, na baada ya dakika tatu picha inatokea kwenye kompyuta. Kompyuta yake ya zamani ililiwa na chumvi ya bahari ikafa mwezi mmoja baada ya Makareta. Binti yao Waimarie akatuma mpya kutoka Brisbane, nyembamba, inang'aa, yenye mfumo mpya. Ikakataa kuitambua skana.

Nilipita kwake mwezi wa kumi na mkate wa kukaanga, nikamkuta mezani jikoni, miwani miwili imepandana puani.

"Leo inasemaje?"

"Inasema haimjui."

"Haimjui nani?"

"Huyu." Akaigonga skana mgongoni. "Miaka kumi na mitano tumefanya kazi pamoja, halafu mtoto wa juzi anakuja kusema hamjui."

"Hata baba alisema hakujui ulipokuja kumposa Makareta, na uliingia."

"Baba yenu nilimletea kondoo mzima, shemeji."

"Basi iletee kondoo."

Akacheka kidogo. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu mazishi, nikajisikia kama niliyeiba kitu.

"Si uzitume tu Auckland, kwenye maduka ya picha?" nikamuuliza. "Wanasafisha wenyewe, wanakurudishia. Watu wote wanafanya hivyo."

Akavua miwani yote miwili. "Humu yumo mama yenu. Wamo wale mapacha. Nimtie mama yenu kwenye bahasha, nimbandike stempu, halafu dereva amsahau kwenye ghala?"

Nikamkatia mkate, maana ningekuwa mimi nisingemtuma pia.

Basi akahangaika. Kampuni iliyoiunda skana ilikwishaacha kuitengenezea programu, na ile ya zamani kompyuta mpya haikutaka hata kuifungua. Kwenye mtandao alimpata mzee mmoja wa Norwe mwenye mashine ileile, wakawa wanaandikiana, Tio kwa Kiingereza chake cha machinjioni na yule kwa Kiingereza chake cha shule. Mzee akamweleza kwamba ndani ya programu ya zamani mna faili dogo la maandishi, ni kama orodha ya wanaoruhusiwa mlangoni. Afungue faili hilo, aongeze mistari miwili yenye namba ya skana, kisha aiwashe kompyuta kwa njia ya pembeni ili isidai muhuri wa kampuni. Itauliza namba. Abonyeze saba.

Ukisimuliwa ni dakika kumi. Tio ilimchukua miezi minne. Aliandika mistari mahali pasipo pake. Aliandika vizuri akasahau kuhifadhi. Alibonyeza saba, kompyuta ikakubali, skana ikawaka taa na kuzima, na wiki tatu zilikwisha kabla hajagundua kwamba waya aliupitisha kwenye kigawio, kile kidude cha plastiki cha kuchomekea nyaya nyingi, badala ya kuuchomeka moja kwa moja nyuma. Kila hatua aliiandika kwa penseli ubavuni mwa boksi la majani ya chai. Niliwahi kumwambia anapoteza muda, atoe tu tangazo kama kuna yeyote mwenye picha ya Makareta. Akaniambia ametoa, na amepokea visogo saba.

Mwezi wa pili, mchana wa jua kali, simu ikalia. Hakunisalimu. Aliiweka tu simu karibu na mashine nikasikia mngurumo.

Tulianza kopo la kwanza siku hiyohiyo. Mimi navuta ukanda kwenye bahasha yake kwa ncha za vidole, yeye anautia mdomoni, tunangoja. Watu wetu wakawa wanatoka mmoja mmoja, wengi wakiwa marehemu, vijana tena, wana nywele. Tulilia na tulisemana sana siku zile. "Huyu si alikutaka wewe, shemeji?" "Alitaka pikipiki ya baba." Na Makareta naye alitoka, mara ishirini, mara thelathini: kisogo, kiganja, kitambaa cha kichwa, nusu ya sikio. Wiki tatu kabla ya Pasaka tulibakiwa na makopo mawili.

Filamu ya kawaida ina picha thelathini na sita. Mpiga picha mbahili akiifunga vizuri kwenye kamera anapata moja ya ziada mwishoni, na Tio alikuwa mbahili. Lakini duka lilihesabu thelathini na sita likaacha. Ile ya ziada haikuchapwa. Katika kopo la mwaka themanini na moja, kwenye filamu ya siku ya kukata manyoya, Tio aliingiza kipande cha mwisho kwa sababu tu hakuna alichotaka kuruka. Mashine ikanguruma. Picha ya thelathini na saba ikashuka taratibu kwenye kioo, kutoka juu kwenda chini.

Makareta ameketi juu ya robota la sufu. Ametutazama. Ana miaka ishirini na sita na anacheka kinywa wazi, meno yote nje, macho yamefumba nusu. Ubavuni mwake yuko Tio, shavu limebanwa kwenye shavu lake, mkono wa kulia umemzunguka begani. Chini kabisa, kwenye nyasi, kuna kivuli cha mtu aliyepiga, viwiko vimetanuka.

"Nani alipiga hii?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Wewe."

"Mimi?"

"Kwani kivuli chako hukijui? Picha ya watu wawili na bado umeingilia."

Ndipo nikakumbuka. Alinipa kamera nimshikie, nikasema neno moja baya kuhusu suruali ya msimamizi, Makareta akapasuka kwa kicheko, nami nikabonyeza. Kwangu mimi hakukimbia. Nililia hapo mezani mpaka Tio akanipa taulo la vyombo, naye akajifuta kwa upande wake wa pili.

Alikuwa wa kwanza kuliona tatizo. "Lakini mimi niko hai," akasema, kama mtu anayeomba radhi.

"Jikate. Ni kazi ya sekunde moja."

"Nikijikata namkata shavu. Ona, tumegusana. Na mkono je?"

"Kata shavu, kata mkono, watu wa kompyuta wanajua kuziba."

"Shemeji, hii ndiyo siku moja aliyokubali. Miaka yote nilikuwa upande wa pili wa kamera. Siku hiyo nilikuwa upande wake." Akaizima skana. "Acha asubiri. Tutaingia pamoja."

Nilisimama. "Tiopira Horomona, ulisema mbele ya jeneza!"

"Nilisema."

"Sasa unamfungia dada yangu nje ya nyumba ya mama yake kwa ajili ya shavu lako?"

Akaanza kuukunja waya. Nilibamiza mlango, kikombe kikaanguka nikakisikia. Na sikujuta, niseme ukweli. Nilimwona mchoyo.

Siku ya Jumatano kabla ya Pasaka, alipokwenda kukata nyasi za makaburini, niliingia kwake. Kuwasha nilijua, nilikwishamtazama miezi. Nikaibeba ile picha kwenye kijiti cha kuhifadhia faili mpaka Gisborne. Mwanamke wa duka la kompyuta kule alikuwa fundi kweli. Alimwondoa Tio, akaziba shavu la Makareta mpaka usingejua kwamba liliwahi kuwa na jirani. Akaniuliza, "Na mkono huu begani?" Nikautazama. Ulikuwa umemshika vizuri. Bila ule mkono bega lilionekana limeachwa peke yake. Nikamwambia auache, mkono hauna ubaya. Nikanunua fremu nyeusi kama za wenzake.

Jumamosi tulilifunua jiwe. Ndugu walijaa, kutoka Wellington, kutoka Brisbane, vichwa vimefungwa majani ya maombolezo. Kisha tukaelekea kwenye jumba, mimi mbele, picha kifuani chini ya kitambaa, na wanawake wa ndani wakaanza mwito wa kumkaribisha Makareta, nami nikawajibu kwa niaba yake. Tio alikuwa mlangoni miongoni mwa wanaume. Alipoona fremu alijua. Uso wake haukubadilika. Aliingiza mkono mfukoni.

Mlinzi wa ukuta ule ni Shangazi Kararaina, dada wa mwisho wa baba, aliyekuwa akikaribia tisini wakati huo. Picha haipandi mpaka yeye aipokee, aifunue, apitishe kidole juu ya kioo kutoka pembe hadi pembe. Akaifunua. Watu waliomwona Makareta akiwatazama pichani kwa mara ya kwanza waliguna wote pamoja, na Waimarie akaita, "Mama!" Moyo wangu ulijaa. Nilisema, sasa ametua.

Kidole cha Shangazi kikapita kwenye nywele, kwenye kicheko, kikashuka begani. Kikasimama.

"Huu mkono wa nani?"

Sikuelewa mara moja. Yeye akahesabu polepole, kwa sauti, kuanzia kidole cha mwisho, maana gumba lilijificha nyuma ya bega. "Kimoja, viwili, vitatu." Akafika kwenye kidole cha shahada kilichokatika. "Na nusu."

Hakuna mtu katika bonde letu asiyeujua mkono ule. Wazee waligeuka mlangoni. Tio akautoa mfukoni, maana kuuficha kungekuwa na faida gani.

"Ulitaka kumtundika shemeji yako kipande kipande, mwanangu?" Shangazi aliniuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Nilikuwa nimeubeba mkono wa mtu aliye hai kifuani kwangu, nimeuimbia, nimeuingiza kwa wafu. Mimi, niliyelelewa katika jumba lile.

Tio akapita katikati ya watu mpaka mbele. "Si yeye, Shangazi. Mimi ndiye niliyemtuma afanye vile. Nilikuwa na haraka na neno langu." Akaipokea picha, akairudishia kitambaa. "Msumari tu mniachie."

Wakauacha. Tulipokuwa tunanawa mikono kwenye bomba la nje, nikamuuliza kwa nini alidanganya.

"Kukatwa nimeshazoea, shemeji," akasema, akakung'uta maji.

Ile picha ya dukani aliichoma mwenyewe, na ile iliyokuwa kwenye kompyuta aliifuta ili nisiibe tena. Hakunisema hata siku moja. Mashine haikupumzika, familia za mabonde mengine zilimletea negativu zao, na nyuso kumi na moja zilipanda kuta za watu wengine kwa mkono wake. Mimi kila Jumamosi nilifuta vumbi ukutani kwetu, nikamfuta mama, nikafika kwenye msumari mtupu, nikaona aibu. Mara nyingine niliona hasira pia. Nilimkosa dada yangu na nilitaka mtu wa kumlaumu.

Baridi ya pili baada ya hapo, Tio alikwenda kupasua kuni asubuhi akaketi juu ya gogo, na jirani akamkuta bado ameketi. Moyo. Tukamzika upande wa pili wa Makareta.

Pasaka ilipokaribia nikaenda kwake kuiwasha skana. Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe. Ikasema haimjui.

Nikalitafuta lile boksi la chai. Lilikuwa juu ya kabati, maandishi ya penseli kuanzia ubavu mmoja hadi mwingine. Waya moja kwa moja nyuma, si kwenye kigawio. Faili la maandishi, mistari miwili, usisahau kuhifadhi. Washa kwa njia ya pembeni. Ikiuliza namba, saba. Na mwisho kabisa, kwa maandishi mapya zaidi ya mengine, ameniandikia mimi: Riripeti, usiikemee, haisikii.

Siku mbili zilinitosha, yeye akiwa amemaliza miezi minne kwa niaba yangu. Ikanguruma. Makareta akashuka kwenye kioo akicheka, Tio kando yake, shavu kwa shavu, mkono begani, vidole vitatu na nusu, wote wawili sasa hawana wa kuwazuia. Nilikuwa tayari kuhifadhi nilipoona nyasi za chini.

Viwiko vyangu. Mimi niko hai.

Kile kivuli kilikuwa pembeni, hakikumgusa mtu. Nilichotakiwa ni kuusogeza mstari wa kukatia picha juu kidogo na kubonyeza, kazi ya sekunde moja. Niliketi pale mchana kutwa. Nilikuwapo siku ile. Mimi ndiye niliyemchekesha. Nilifahamu wakati huo, na nilichelewa, nilichokuwa nimemwomba Tio kwa kelele mpaka kikombe kikavunjika. Nilimwomba msamaha kwa sauti, jikoni kwake, hakuna wa kunisikia. Kisha nikasogeza mstari, nikabonyeza kwa kidole cha kati.

Shangazi Kararaina alipitisha kidole juu ya kioo kutoka pembe hadi pembe, na hakikusimama popote.

"Hakuna aliye hai humu?"

"Hakuna, Shangazi."

Wako pale kando ya mama. Kile kipande cha chini, chenye kivuli, sikukitupa. Nimekihifadhi peke yake, na nimemwonyesha Waimarie kilipo.